Matawi Kwenye Kona ya Mto Ena

Mwezi uliopita gari lilisimama mbele ya geti langu hapa nje ya Runyenjes, gari kubwa lililojaa vumbi, hema limekunjwa na kufungwa juu ya paa. Wakashuka vijana wa Nairobi, wasichana na wavulana, kofia pana, viatu vya kupandia milima. Wako likizoni, wanajiendesha wenyewe, hawataki dereva wala mtu wa kuwaongoza. "Shosho, hii barabara inafika kwa maporomoko ama tumepotea?" akaniuliza mmoja, tena kwa adabu, kama anavyoulizwa bibi. Nilitaka kumjibu, lakini upepo ukaniletea harufu ya lile turubai lililopigwa jua, imechanganyika na petroli. Nikajikuta nimekaa juu ya jiwe.

"Shosho, uko sawa?"

"Niko sawa, ni hili jua tu."

Wakaniletea maji yao ya chupa, wakanipepea na kofia. Nilipopata nafuu wakaniomba ushauri, maana waliona nimezeeka hapa. Nikawapa. Msivuke mto wenye maji ya kahawia mpaka mmeona ng'ombe amevuka. Mkishuka bonde, shukeni na gia nzito, breki muiwekee kona. Mkitaka kupiga hema kwenye shamba la mtu, ombeni kwanza maji ya kunywa. Akiwapa maji amewapa na mahali pa kulala. Wakacheka, wakafurahi, wakaniita profesa, wakaenda zao. Sikuwaambia nani alinifundisha hayo. Vijana wako likizoni, ya nini kuwatia simanzi? Ninyi wa rika langu ndio nitawaambia, kwa sababu mtanielewa bila kunipepea.

Alinifundisha baba yangu, Salimu, mchinjaji wa Embu mjini. Tulikaa mtaa wa Waislamu nyuma ya soko, mtaa wa watu waliotoka kila upande: huyu babu yake alikuja na wapagazi, yule baba yake ni Mnubi, yule mama yake ni Mkamba, na sote tukawa watu wa Embu, Kiswahili nyumbani, Kiembu sokoni. Mama yangu, Halima, alikuwa Mwembu halisi, mzaliwa wa Kanja, akasilimu alipoolewa. Baba kabla ya kushika kisu alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la duka, Embu kwenda Meru, miaka mingi, na barabara ile aliijua kama nyumba yake. Kila kona, kila daraja, kila mahali ambapo udongo mwekundu unateleza. Ndiyo maana Wazungu waliotaka kutembea huku na magari yao, kuvua samaki na kuona mlima, walikuwa wakiambiwa: mtafuteni Salimu wa buchani. Wao wanaendesha, Baba anakaa nyuma anaonyesha njia, na jioni anawapikia.

Na si njia peke yake. Aliwaonyesha na watu. Hapa hatukati kuni, Bwana, huu ni mti wa kuombea. Hapa tusimame kwanza, tumsalimie mwenye shamba, tumpe chumvi kidogo. Hapa usipige picha, huyo mama amefiwa. Akirudi nyumbani alikuwa akituigiza jinsi Bwana fulani alivyoteleza mtoni na suruali yake fupi, mpaka Mama anashika ubavu kwa kucheka. Nilimpenda baba yangu sana, naomba niseme hivyo wazi kabla sijaendelea.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na vijana wetu walioingia msituni kudai ardhi. Sisi watoto hatukuambiwa kitu, tuliona tu. Tuliona wanaume wamekaa chini kwenye uwanja, mikono kichwani. Tuliona moshi upande wa Kanja, na siku iliyofuata Mama akanishika mkono tukaenda mpaka njia panda, tukawaona watu wa kwao wakipita. Nyumba zao zilikuwa zimechomwa, ati wanawalisha vijana wa msituni, wameamriwa kuhamia kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Walibeba vitanda mgongoni. Walibeba sufuria, viti, taa, kuku ndani ya kikapu. Cucu, mama yake Mama, alibeba mlango. Mlango wenyewe, peke yake, kwa sababu ndio uliookoka. Mama alimwita kwa Kiembu na yule bibi hakugeuka, maana homugadi, mlinzi mweusi wa serikali, alikuwa nyuma yake. Walilala nje kwenye baridi wiki nyingi wakijenga vibanda vipya.

Sasa sikieni akili ya mtoto. Mambo yalipotulia kidogo Wazungu wakaanza kutembea tena, na asubuhi moja likaja gari kwenye bucha, bwana mmoja na memsabu wake, ambao Baba aliwahi kuwapikia safari moja kabla. Nikachungulia ndani. Nikaona vitanda vya kukunja. Sufuria. Viti. Taa. Turubai la kulala chini yake. Nikaelewa mara moja, wala sikuwa na shaka: hawa nao wamechomewa nyumba.

Nikamvuta Baba shati. "Baba, na hawa, nyumba yao imechomwa na nani?"

Baba alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. "Weee Zena, nyamaza, wasikusikie." Nikafikiri ananinyamazisha kwa sababu ni jambo la aibu ya watu. Kwa hiyo nikanyamaza, nikabaki nikimhurumia yule memsabu, mwembamba, mwekundu puani, anazunguka duniani na kitanda chake.

Walitaka kwenda Meru, wakipita Runyenjes na Chuka, wakivua samaki njiani kwenye mito ya chini ambako serikali iliruhusu. Baba alikuwa na pasi ya kusafiri. Waislamu wa mjini walipewa kwa urahisi kuliko wengine. Mama akaomba nami nipakiwe, nishushwe kwenye kijiji cha Cucu kando ya barabara, nimpelekee nyama na chumvi, maana mtoto hakaguliwi sana langoni. Memsabu akakubali, akanipangia nafasi katikati ya mizigo, pale pale kwenye turubai. Jua likapanda, lile turubai likaanza kutoa harufu, na mimi nikatoa kiazi kitamu nilichofungiwa na Mama nikampa yule mama asiye na nyumba. Alishangaa. Alikila chote, na maganda yake. "Asante sana, toto," akasema. Nikaona sasa sisi ni watu wamoja.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Tulipokuwa tukishuka kuelekea mto Ena, tumemaliza tu kukata kona, gari likaruka kwenye shimo, tukasikia mlio kama mfupa, na upande mmoja ukalala. Springi imekatika. Tukawa tumekwama katikati ya barabara, kona juu yetu, mto chini yetu. Bwana alishuka akatazama, akapiga gurudumu teke, akasema maneno ya Kiingereza. Kisha akachukua fimbo yake ya kuvulia, akamshika memsabu mkono. "Salimu, wewe tengeneza. Mimi naenda mtoni kidogo." Wakashuka na njia ya ng'ombe, wakapotea kwenye majani.

Baba aliniambia nikae juu ya ukingo, mbali na gari. Halafu kabla hajagusa kitu chochote cha gari akachukua panga, akaenda kukata matawi.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu kila kitu kimening'inia hapa. Dereva yeyote wa barabara ile, awe Mmeru, Mwembu, Mhindi au Mkamba, alijua jambo hili kama anavyojua jina lake. Gari likiharibika, kitu cha kwanza ni matawi mabichi. Unayaweka barabarani juu ya kona na mengine upande wa chini, mbali na gari, ili mwenzako anayekuja ayaone mapema apunguze mwendo. Malori ya siku zile breki zake zilikuwa za kumwomba Mungu. Ukikuta gari limesimama nyuma ya kona, umekwisha, wewe na aliyesimama. Hakuna aliyefundishwa shuleni. Taniboi anafundishwa na dereva siku ya kwanza, hata kabla ya kufundishwa kufungua boneti.

Bwana hakuyajua hayo. Alikuwa ameendesha gari nchi za watu wenye barabara pana. Wala askari wapya wa Kizungu, wale tuliowaita Majoni, hawakuyajua. Wao walijua kitu kingine: vijana wa msituni wakitaka kuvamia lori la serikali, wanaangusha mti barabarani.

Nilisikia lori likija kutoka juu. Baba naye alilisikia, akiwa bado anakata matawi ya upande wa chini. Lile lori likasimama kabla ya kona, kwenye matawi ya juu. Injini ikazimwa. Baba akaniangalia akatabasamu. "Umeona, Zena? Wameyaona. Alhamdulillahi, hawa watatuvuta."

Hawakuja kwa barabara. Walikuja kwa kichakani, pande zote mbili, bunduki mbele, Majoni na homugadi wetu weusi. Baba alikuwa amesimama katikati ya njia, panga mkono mmoja, tawi mkono mwingine. Wakapiga kelele, mikono juu. Akainua yote mawili, panga na tawi. Nafikiri hakujua atupe lipi kwanza, maskini baba yangu. Wakampiga kitako cha bunduki begani, akaanguka, panga likaruka mpaka karibu na mimi.

"Mimi ni Salimu mchinjaji! Niko na Bwana! Bwana yuko mtoni, gari limevunjika!"

Homugadi mmoja akamkanyaga mgongo. "Matawi ni ya nini? Unamwekea nani alama?"

"Ni ya magari, ndugu yangu. Wewe hujui? Uliza dereva yeyote."

"Mimi si ndugu yako. Bibi yako ni wa wapi?"

Baba akatema udongo. "Kanja," akasema.

Yule homugadi akamtazama afisa wake Mzungu, akamtafsiria neno moja lile tu, na nikaona sura ya afisa inabadilika. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililiona.

Bwana akapanda kutoka mtoni, fimbo mkononi, viatu vinadondosha maji, memsabu nyuma yake. Waliongea Kiingereza yeye na afisa, muda, wakionyeshana matawi kwa vidole. Baba alikuwa amefungwa mikono, anamtazama Bwana usoni, hapepesi macho. Askari wakalisukuma gari pembeni, wengine wakampakia Baba kwenye lori. Ndipo akapaza sauti: "Bwana, waambie! Waambie matawi ni ya gari!"

"Mimi tasema, Salimu," Bwana akajibu. "Ngoja tu. Mimi tasema."

Nilikuwa nalia mpaka nimejikojolea. Memsabu akanikumbatia hivyo hivyo na uchafu wangu, akaniambia nisilie, Bwana atasema. Baadaye lori jingine likawavuta mpaka Runyenjes kutengeneza gari, nami wakanishusha kwenye lango la kijiji cha Cucu. Memsabu aligeuka akanipungia. Nikamwamini. Nani asingemwamini? Alikula kiazi changu, na alijua kuchomewa nyumba ni nini.

Mama alipokuja kunichukua na kupata habari, hakupiga ukunga. Alijifunga kanga mbili akaenda ofisini, akarudi, akaenda tena. Aliambiwa Baba amewekwa ndani, shauri lake ni zito: kuweka alama barabarani, panga mkononi, mke wa Kanja. Lakini afisa anamngoja yule bwana arudi kutoka Meru atoe maneno yake, kwa kuwa yeye ndiye shahidi. Akisema vizuri, Salimu atatoka. Aliyetupa habari hiyo ni Bwana Nyaga, mkalimani wa ofisi, jirani yetu, mtu wa haki kadiri kazi yake ilivyomruhusu.

Mama hakukaa kungoja. Alimfuata Kirimi. Kirimi alikuwa dereva wa lile lori la duka, Mmeru mkubwa mwenye sauti ya ngoma, ndiye aliyemfundisha Baba utaniboi, na kila Ijumaa alikula kwetu hadi anafungua mshipi. Mama alimkuta anapakia mahindi. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake.

"Kirimi, nenda ukawaambie matawi ni ya nini. Wewe ndiye ulimfundisha."

Akaendelea kupanga magunia ambayo yalikuwa yamepangika. "Mke wa Salimu," akasema polepole, "nikisema naijua hiyo alama, wataniuliza nimeiweka mara ngapi, na nimemwekea nani. Mimi Mmeru. Sina hata hiyo kofia ya Uislamu ya kunifunika."

"Basi aende nani?"

"Madereva wote tumeongea. Hakuna anayeijua hiyo alama tena. Hata gari likikwama sasa hatuweki." Machozi yalikuwa yanamtoka, lijitu lile. "Nisamehe, mama."

Mama hakumtukana. Alimwambia siku ya Ijumaa asije, tukaenda zetu. Njiani nilimwambia asiwe na wasiwasi, memsabu atarudi na bwana wake na watasema. Nilimweleza kila kitu: kiazi, kukumbatiwa, kupungiwa mkono. Nilisema sana, na nadhani naye, kwa kukosa kingine, akaanza kuniamini.

Wakarudi. Nililiona gari kwenye pampu ya petroli ya Mhindi, nikakimbia kumwita Mama. Tulipofika Bwana alikuwa amekwisha kuingia ofisini na Bwana Nyaga ameitwa kutafsiri. Memsabu alikuwa garini. Alinitambua, akafungua dirisha, akanipa biskuti. Mama akaweka mikono miwili kwenye mlango wa gari, kwa heshima, akamwambia kwa Kiswahili chepesi: "Memsabu, mume wangu ni mtu mzuri." Memsabu akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, mzuri sana, natengeneza chapati mzuri sana. Bwana akatoka. Alikuwa mtulivu, uso wa mtu aliyetimiza jambo. "Mimi nasema kweli yote," akamwambia Mama, akampa mkono. Wakaondoka kuelekea Nairobi, vitanda vyao nyuma.

Jamani, nilicheza! Nilicheza njia nzima. Mama alininyamazisha, lakini alipofika nyumbani alitoa kanzu ya Baba ya Ijumaa akaifua, akaweka mchele kwenye ungo akaanza kuchagua.

Bwana Nyaga alikuja jioni kabla ya kafyu, saa ya watu kutoonekana nje. Alikataa kiti. Alisema amesimama kwa sababu hakai muda.

"Halima, yule bwana hakusema uongo hata kidogo," akaanza. "Alimsifu. Alisema Salimu ni mwaminifu, mpole, mpishi. Kisha afisa akamuuliza, ulimtuma akate matawi? Akasema, hapana. Akamuuliza, alikuambia anayakata kwa nini? Akasema, hapana, nilikuwa mtoni. Akamuuliza, umeendesha magari miaka mingi, umewahi kuona mtu anaweka matawi barabarani gari likivunjika?"

"Akasema nini?"

"Akasema hajawahi."

Mama alikuwa bado ameshika ungo. "Na wewe, Nyaga? Wewe umezaliwa hapa. Wewe umeona."

"Mimi natafsiri tu, dada yangu. Sikuulizwa."

Alipoondoka nilimwambia Mama haiwezekani, yule memsabu hawezi kukubali, yeye pia amechomewa nyumba, yeye anajua. Mama aliniangalia kama ndiyo kwanza ananiona.

"Zena, nani kakwambia wamechomewa nyumba?"

"Si wanabeba vitanda? Si wanalala nje?"

"Wale wana nyumba kubwa Nairobi, mwanangu. Wanalala nje kwa kupenda."

Kwa kupenda! Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Nilijaribu kumfikiria mtu mwenye paa na mlango ambaye kwa hiari yake anaenda kulala kwenye baridi ile aliyolala Cucu. Sikuweza. Nikamchukia yule memsabu kuliko nilivyomchukia homugadi, chuki ya mtoto, chungu, isiyopoa, na biskuti yake niliyokuwa nimeificha nikaitupa kwa kuku.

Baba akapelekwa kambini, mbali sana, nchi ya mchanga na jua. Hatukuruhusiwa kumwona. Mama akawa anauza maandazi, akawa bado anaenda ofisini.

Na barabarani hakuna aliyeweka tena matawi. Magari yaliharibika kama kawaida, madereva wakasimama tu wakisikiliza mlio wa lori linalokuja na kupunga makoti yao. Kisha lori la Kirimi likakatika ekseli nyuma ya kona ile ile ya Ena. Lori la askari lilikuja kutoka juu kwa kasi, halikuona kitu. Kirimi alikuwa chini ya gari lake. Askari nao walikufa humo, Wazungu na weusi, na ndiyo sababu jambo lile likawa kubwa. Mama alimlilia Kirimi. Mimi sikujua kama inafaa kumlilia, nikalia kwa sababu yeye analia.

Baada ya maziko ikaitwa baraza uwanjani, kila mtu aende, atake asitake. Afisa alisimama juu ya meza, Bwana Nyaga kando yake. Amri ya serikali, Bwana Nyaga akatangaza: kuanzia leo gari lolote likiharibika barabarani, dereva ni lazima akate matawi na kuyaweka pande zote mbili, mbali na gari, yaonekane. Atakayekosa kuweka atashtakiwa.

Madereva wakatazamana. Halafu nikasikia kanga ya Mama inanitoka mkononi. Amesimama.

"Muulize," akamwambia Bwana Nyaga, "hayo matawi si ndiyo aliyoweka mume wangu? Sasa mmeyajua. Basi mnirudishie mume wangu."

Bwana Nyaga alitafsiri. Namshukuru kwa hilo, alitafsiri lote, na nadhani aliongeza na la kwake, maana aliongea kirefu. Afisa alisikiliza. Hakukasirika. Alifikiri, kwa kweli alifikiri, akajibu maneno machache. Bwana Nyaga akatazama chini.

"Anasema pole. Anasema, mume wako aliyaweka kabla ya kuamriwa."

Mama aliketi. Baraza likaendelea na mambo ya mitaro na kodi.

Tulipofika nyumbani aliingia chumbani akavua bangili, akavua hereni, akafunga dirisha. Akakaa eda ya kufiwa na mume. Wanawake wa mtaa walikuja mbio wameshika vichwa. Halima, una wazimu? Mume wako yuko hai! Unamchuria mumeo! Yeye akawajibu taratibu kwamba amemtazama yule afisa usoni, na amejua Salimu harudi, na hana haja ya kungoja mwingine aje amwambie. Wakagombana naye, wakalia naye, mwishowe wakamwachia chakula mlangoni. Mimi ndiye niliyeuza maandazi. Alikaa siku zote zinazotakiwa, hakupunguza hata moja, akatoka, akaoga, akarudi kazini.

Habari ikaja baada ya hapo. Salimu amefariki kambini, homa ya tumbo, amezikwa huko huko. Hawakusema wapi. Bwana Nyaga ndiye aliyeileta, na safari hii alikaa kwenye kiti. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Najua. Nimeshamaliza."

Lakini wanawake walikuwa wamemwita shehe wa mtaa, mzee mpole aliyempenda Baba. Alisimama mlangoni akizungusha tasbihi yake. Akasema anajua uchungu wa Mama, na Mungu anaujua zaidi, ila ile eda aliyokaa haihesabiki. Alikaa kabla ya wakati wake.

Nilidhani Mama atapiga kelele. Nilitaka apige kelele. Akavua tena bangili, moja moja, akazitia mkononi mwangu, akaingia chumbani kuanza upya.